Barazani kwa Mama Mkubwa: Stika wanayoicheka darasani ni mama yangu

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni binti wa miaka 20, nipo mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nasomea mawasiliano, na muhula huu tuna somo la utamaduni wa mtandaoni na teknolojia. Nikilitaja nyumbani watu wanacheka. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyeninunulia godoro la hosteli na kunipa nauli, aliniuliza mbele ya wageni: "Kwa hiyo tumekupeleka Dar ukasome vichekesho vya WhatsApp?" Nilicheka nao, ila niliumia, maana hilo ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Kabla sijaja huku nilidhani teknolojia ni mambo ya mafundi na nyaya. Kumbe hata nyaya zina historia yake. Mkongo wa baharini ulipofika Dar mwaka 2009 mimi nilikuwa na miaka minne. Kabla ya hapo intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipitia satelaiti, na ilikuwa ghali kweli. Nimejifunza pia kwamba neno mimu, wanalotumia kuziita picha za utani za mtandaoni, lilitungwa mwaka 1976 na mwanabiolojia Richard Dawkins, wakati hata hiyo intaneti ya watu wa kawaida haijakuwepo. Yeye alikuwa anazungumzia nyimbo, misemo na mitindo ya mavazi, vitu vinavyoruka kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Siku mhadhiri aliposema kwamba sisi watu wa huku tulikuwa na mimu zetu zamani, zinauzwa doti doti na zina jina pindoni, nilitembea hadi hosteli natabasamu peke yangu. Mama yangu ana sanduku zima la kanga. Sikuwahi kufikiri kwamba vitu vya mama vinaweza kuwa somo la chuo.

Wiki iliyofuata mama mwenyewe akawa somo.

Mhadhiri alituonyesha stika kumi zinazozunguka sana kwenye simu zetu. Ya saba ni mwanamke amesimama kwenye mvua, kibanda kimelala nyuma yake, ameinua upawa juu kama anataka kuichapa mbingu, mdomo wazi. Miguuni pake pana sufuria ya wali iliyojaa maji. Kanga aliyojifunga imejikunja, jina lake halisomeki lote, yanaonekana maneno matatu: HALI WALI MKAVU. Utani upo hapo. Watu wanaituma boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, timu ikifungwa, mtu akiachwa na mchumba. Ukumbi mzima ulicheka, na mhadhiri alicheka mpaka akavua miwani.

Yule ni mama yangu. Ni mama lishe tu, anauza chakula kando ya barabara kuu, mjini kwetu. Picha ilipigwa masika ya 2021, mimi nikiwa kidato cha nne, bweni. Siku ile upepo ulibeba turubai, mvua ikaharibu wali, maharage na gunia la mkaa alilokuwa amelinunua asubuhi hiyo kwa mkopo wa kikoba. Mkopo ule alimaliza kuulipa mwaka uliofuata. Nani alipiga picha hatujui. Mimi niliiona mara ya kwanza likizo ya Juni kwenye simu ya binamu yangu. Nilianza kucheka kabla sijamtambua. Nilipomtambua nikamrudishia simu yake, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa tumepewa kazi ya makundi. Kila kundi lichague stika moja na kufuatilia safari yake: ilitoka wapi, ilisambaaje, watu wanacheka nini hasa. Kundi letu tuko sita, na wenzangu wamechagua ya saba kwa sababu ndiyo iliyochekwa kuliko zote. Nilipendekeza nyingine, wakaniuliza kwa nini, nikakosa jibu. Kiongozi wetu ni kijana mwerevu, hana ubaya. Anasema tukimpata "yule mama wa wali" tukamhoji, hakuna kundi litakalotufikia. Ameikuza picha, nyuma kuna duka lenye maandishi ukutani, na tayari amejua ni mkoa gani. Akienda mwisho wa wiki atafika hadi kwenye benchi la mama, naye atamkaribisha kwa sahani ya wali akidhani ni mteja.

Kuna jambo lingine, na hili sijamwambia mtu. Wiki zangu za mwanzo hapa chuoni boom lilichelewa, kundi la darasa likajaa stika ile. Mtu akaandika, "We mbona kimya, lako limeingia nini?" Nikaituma. Nilimtuma mama yangu mwenyewe, nikapata vicheko kumi na moja. Nilizima simu nikalala na viatu.

Mama hajui lolote. Wakati ule alikuwa na kitochi. Ila mwaka huu amenunua simu janja, anapokea oda za chakula cha mchana kwa WhatsApp kutoka ofisi za jirani. Kila ujumbe wake ukiingia, moyo wangu unaruka, nadhani leo ndiyo leo.

Nikisema ukweli darasani, nitaitwa binti wa Hali Wali Mkavu mpaka nimalize chuo. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watu nimchambue mama yangu kama chura wa maabara. Wakati mwingine najiuliza kama nalikuza jambo. Yeye ni mama lishe tu, picha ni ya zamani, watu wameshazoea. Wasilisho letu ni baada ya wiki mbili. Mama Mkubwa, nifanyeje?

Nisiyejua pa kuweka uso,
Dar es Salaam

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole.

Kabla sijakujibu, niwaambie wasomaji jambo. Maneno ya kanga mliyoyasoma hapo juu siyo yale ya kwenye picha. Nimeyabadilisha, na nimebadilisha mambo mengine mawili ambayo sitayataja, ila utani nimejitahidi ubaki wa namna ile ile. Nilimwandikia binti huyu kumwomba ruhusa, naye akakubali siku hiyo hiyo. Barua ingechapwa kama ilivyokuja, mama wa watu tungemfanya stika kwa mara ya pili, safari hii pamoja na anwani yake. Kwa hiyo ndugu msomaji, usijisumbue kuitafuta.

Sasa turudi kwetu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona umefunga mafundo mawili kwa kamba moja. Fundo la kwanza ni la darasani: wenzako watano, alama, mhadhiri, na kijana mwerevu anayekuza picha. Fundo la pili ni la nyumbani, nalo lina miaka mingi; umekuwa ukilibeba tangu ukiwa msichana wa sare anayeosha vyombo visafi. Wiki mbili zinalihusu lile la kwanza. La pili halina tarehe, lakini naona ndilo linalokunyima usingizi.

Nianze na ile stika uliyoituma, maana umeiweka katikati ya barua kama mtu anayeficha noti kwenye pindo la kanga. Nakuelewa. Uliulizwa mbele za watu mbona uko kimya, nawe ukajificha mahali pa karibu zaidi, ndani ya kicheko chao. Watu wazima tunafanya hivyo misibani na vikaoni. Sitakuambia si kitu, kwa sababu wewe mwenyewe unahisi ni kitu. Ila sioni kwamba ulimsaliti mama yako siku ile. Ulikuwa unajilinda wewe, na yeye ndiye uliyemshika kama ngao. Huenda siku moja ukamwambia hivyo hivyo, yeye akacheka kuliko wale kumi na mmoja. Huenda pia asicheke.

Sasa nikuulize kuhusu hicho kicheko chenyewe, kwa kuwa ndicho unachokisomea. Kiswahili kina kisilabi kimoja kidogo, "m". Kucheka ni jambo moja, kumcheka mtu ni jingine. Yule kijana ambaye boom lake limechelewa, mfukoni ana mia tano, akituma picha ya mama yako na upawa wake juu, anamcheka nani? Mimi naona anajicheka mwenyewe. Anaazima uso wa mama yako kusema, na mimi yamenikuta, na mimi wali wangu umeloa. Stika zimejaa nyuso za watu wanaodhihakiwa maumbo yao, sura zao, uzee wao. Hii ni tofauti kidogo: watu wanajiona ndani yake. Labda ndiyo sababu imeishi miaka yote hii wakati nyingine hazimalizi hata mfungo mmoja.

Lakini aliyeuazima uso ule hakuomba. Hilo siwezi kulipamba. Hasara ni ya mtu mmoja, mkopo aliulipa peke yake, na kicheko kikagawiwa nchi nzima bila yeye kupewa hata salamu. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na sioni sababu ya wewe kulazimika kuchagua lipi ulihisi.

Kuna mwanazuoni anaitwa Helen Nissenbaum. Kama hujakutana naye darasani utakutana naye. Hoja yake kubwa, kwa maneno yangu ya barazani, ni kwamba habari za mtu zina mahali pake. Mama kupiga kelele na upawa kwenye mvua, mbele ya majirani waliokuja kumsaidia kuokota sufuria, hapana aibu hapo hata kidogo. Majirani wale walijua mkaa ulinunuliwa asubuhi. Picha ilipoondoka pale ilimbeba yeye na kuuacha mkaa. Utajua mwenyewe kama hilo lina nafasi kwenye kazi yenu. Mimi naona ni swali kubwa kuliko la nani aliituma kwanza.

Umeandika kwamba mama hajui. Mwanangu, umejuaje?

Nakuuliza kwa upole, si kukutisha. Wewe mwenyewe umesema anauza chakula kando ya barabara kuu. Nadhani wateja wake ni bodaboda, makondakta, mafundi, watu wenye simu mkononi na muda wa kusubiri sahani. Mama lishe hupata habari za mji kabla redio haijazipata. Unaniambia miaka yote hii hakuna hata kijana mmoja aliyekaa kwenye lile benchi akamwonyesha, "Mama, si wewe huyu?" Inawezekana kweli hakuna. Inawezekana pia walimwonyesha wiki ile ile, akatazama, akasonya, akaendelea kupakua, kisha akawaambia wote: binti yangu yuko kidato cha nne, ana mtihani, atakayemwambia tutakosana. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu kwamba wewe umekuwa ukimficha mama yako kitu, na hujawahi kujiuliza kama naye anakuficha hicho hicho.

Jingine ni neno dogo uliloliandika mara mbili: "mama lishe tu". Hilo "tu" limenikaa kooni. Najua linatoka wapi. Chuo cha mwaka wa kwanza ni mahali pa kupimana, huyu baba yake nani, yule anatoka wapi. Nami nilipokuwa na umri wako nilisema mama yangu ni mfanyabiashara, kumbe alikuwa anakaanga mihogo. Basi jiulize ukiwa peke yako: ingekuwa mama yako ni mwanasheria, picha ni ya yeye kuteleza kwenye ngazi za mahakama, ungeogopa vile vile wenzako wajue? Kama jibu ni ndiyo, jambo lako ni picha. Kama ni hapana, kuna kitu kingine kando ya picha, na hicho hakitaisha hata stika zote zikifutwa leo usiku.

Haya, njia zilizopo.

Unaweza kuendelea kuwashawishi wenzako wabadilishe stika. Safari ya kwanza ulikosa jibu walipokuuliza kwa nini, lakini jibu lipo, tena la kisomi, na halikulazimu kumtaja mama. Chama cha kimataifa cha watafiti wa intaneti kimekuwa kikitoa miongozo ya maadili tangu 2002, na ule wa 2012 una kanuni ambayo kwa lugha yetu ni hivi: kadiri anayechunguzwa anavyokuwa katika hali ya kuumizika kwa urahisi, ndivyo wajibu wa mchunguzi kumlinda unavyoongezeka. Mwanamke asiyejulikana, aliyepigwa picha saa ya hasara yake, bila kuulizwa. Kumfuata kwa kukuza ukuta wa duka ni kumlinda? Muulize hivyo kiongozi wenu. Waliowerevu huwa wanashtuka wakiulizwa vizuri. Ubaya wa njia hii ni kwamba anaweza akashtuka kidogo tu, akasema basi tutamwomba ruhusa tukifika, akapanda basi Ijumaa.

Njia nyingine ni kumwona mhadhiri faragha. Alicheka, ndiyo, lakini alicheka bila kujua, na wahadhiri wengi wakijua hupoa ghafla. Huna haja ya kusema yote. "Namfahamu mtu aliye kwenye picha ile, na anaweza kuumia" ni sentensi nzima na ni ya kweli. Anaweza kulibadilishia kundi lenu kazi bila kutaja sababu. Lakini ukisema, jambo limetoka mkononi mwako. Wapo walimu ambao kwa wema wao watataka kulifanya fundisho: watakuomba uje mbele uwasimulie wenzako, kwa sauti ya upole kabisa, na wewe utashindwa kukataa. Ukienda, nenda ukiwa umeshaamua utakataaje.

Kusimama mwenyewe na kusema "yule ni mama yangu" nayo ni njia. Siikatai wala sikusukumi huko. Nimejaribu kuwaza ukumbi ule siku hiyo na nikashindwa kuamua kama ungenyamaza au ungepiga makofi. Jina la utani huenda ukapewa. Vyuoni majina ya utani hufa haraka yakikosa kuni, lakini mengine hayafi. Jambo moja tu linanizuia nisiisifie njia hii: picha ni ya mama. Ukiitoa hadharani umeitoa yeye akiwa hayupo, kama walivyofanya waliokutangulia, japo wewe ungefanya kwa mapenzi.

Na ukinyamaza, ukafanya kazi na wenzako, ukapata alama? Wapo watakaokulaumu, mimi simo. Watu wamepita kwenye magumu makubwa zaidi kwa kunyamaza. Ila kijana yule akifika kwenye benchi la mama kabla wewe hujafika, kimya chako kitakuwa kimeamua badala yako.

Wengine wangekuambia uende kwenye sheria, na ni vizuri uijue hata usipoitumia. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Kwa picha iliyobandikwa kwenye ukurasa unaojulikana, au inayotumiwa na mtu kutangaza biashara yake, hapo kuna pa kushika. Stika ya WhatsApp ni mnyama mwingine. Zililetwa mwaka 2018, na zinarithiwa simu kwa simu. Mtu anaigusa, anaihifadhi, imekuwa yake. Ujumbe wenyewe tangu 2016 umefungwa kwa namna ambayo hata mwenye mtandao hausomi, kwa hiyo hakuna ghala moja utakalokwenda kugonga uombe iondolewe. Nakuambia hivi usije ukaingia kwenye vita vya kuifuta ukakuta unapigana na ukungu.

Nikupe mifano miwili ya watu waliowahi kuwa hapo alipo mama yako, japo si kwa mvua wala kwa wali. Huko Kanada kijana mmoja, Ghyslain Raza, mwaka 2002 alijirekodi shuleni akicheza na fimbo kana kwamba ni upanga. Mwaka uliofuata wanafunzi wenzake wakaiweka video ile mtandaoni bila ruhusa yake. Ilienea dunia nzima hata kabla YouTube haijazaliwa, kijana akateswa kwa dhihaka hadi akaacha shule ile, na familia yake ikawashtaki wazazi wa wale wenzake. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2006. Alisoma sheria. Alikaa miaka kumi ndipo akazungumza hadharani, tena kwa kutaka kuwatia moyo vijana wanaoonewa. Mwingine ni mhandisi wa Hungaria, András Arató, mzee aliyepigwa picha za matangazo akitabasamu. Mwaka 2011 akajitafuta mtandaoni, akakuta dunia imemfanya sura ya mtu anayeficha maumivu nyuma ya tabasamu. Mwanzoni hakupenda. Baadaye akaikubali ile sura, akawa anaalikwa huku na huko kuisimulia.

Ukiwatazama haraka utadhani tofauti yao ni ngozi ngumu na ngozi laini. Mimi sioni hivyo. Mzee yule alikubali kupigwa picha tangu mwanzo, alikuwa na kazi yake na umri wake, na kuamua kwamba sasa nacheka nanyi aliamua mwenyewe. Kijana aliporwa. Mama yako aliporwa kama kijana, lakini ni mtu mzima kama mzee. Ataangukia upande gani sijui, na kwa kweli wewe pia hujui, ingawa umemlea moyoni kama mtu wa kioo tangu 2021. Mwanamke aliyemaliza mkopo wa gunia la mkaa na wali ulioloa, akarudi barabarani, akakusomesha hadi Dar, akajifunza kupokea oda kwa simu. Huenda akiiona atalia. Huenda atauliza ni nani wa kumlipa. Huenda ataibandika ukutani kwenye kibanda chake kipya ili wateja wapige nayo picha. Huenda atakuambia, "Hayo uyaache hivyo hivyo, mimi nina kazi." Kila moja ya hizo ni haki yake.

Ndiyo maana nahisi, na ni hisia tu ya mtu wa barazani, kwamba mafundo yako mawili yanaweza kuwa na mpangilio. La nyumbani likiguswa kwanza, hata kidogo, la darasani linabadilika umbo. Ukiwa umeongea na mama, swali la wenzako "kwa nini?" lina jibu jipya, liwe la kusema au la kutosema. Hata kumhoji kwenyewe kunaweza kuwa jambo tofauti, kama yeye ndiye atakayetaka kuhojiwa. Lakini nina woga na ushauri wangu huu pia. Unaweza kumpelekea maumivu ambayo hakuwa nayo, kwa sababu ya alama za muhula wako. Hilo lipime vizuri kabla hujapiga simu.

Ukiona utapiga, usianze na picha. Mwulize siku ile ya masika ilikuwaje. Wewe ulikuwa bweni, hukuwepo. Umeijua siku ile kwa picha kama wengine wote. Mwulize turubai lilianguka saa ngapi, nani alikuja kumsaidia, alikuwa anaiambia nini mbingu na ule upawa. Katika kusimulia kwake utasikia kama anajua au hajui, na kama anaweza kulicheka au bado. Ukisikia sauti imebadilika, ishia hapo, mwulize bei ya mchele. Itabaki siku nyingine.

Sasa mimi mwenyewe. Baada ya kuisoma barua yako nilifungua simu yangu nikaitafuta stika yako, ile halisi. Ninayo. Niliituma kwenye kundi la ukoo mwezi uliopita, kuhusu harusi iliyokosa ukumbi. Sijaifuta, na sijaituma tena. Nimeona nisubiri mwenyewe aseme.

Baba mdogo wako tumwache kwa leo, ila nimecheka. Jamaa amenunua godoro, ana haki ya kutania kidogo. Siku ukiwa na nguvu, mweleze kile kisa cha kanga na mimu. Nadhani shemeji yake ana sanduku la kumwonyesha.

Kama utampigia mama, usimpigie asubuhi, moto ndiyo unashika. Wala saa saba. Mama lishe anapatikana saa kumi na kitu, sahani zimeoshwa, amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, anahesabu. Na mfikishie salamu zangu, hata kama huwezi kumwambia zimetoka wapi.